Siku moja maishani mwangu: kedi, mbeba begi la gofu, kwa klabu ya matajiri

Saa kumi na robo alfajiri. Nimeamka kabla ya alamu, kitu cha kwanza ni kuhesabu mitungi. Miwili ndio imebaki na maji, mfereji wetu huku Kawangware umekauka tangu Jumatatu, kwa hivyo nanawa uso na kikombe kimoja na soksi navaa zile za jana.

Saa kumi na mbili kasoro niko geti la nyuma. Jina la klabu naliacha, mkate wangu uko hapo. Sprinkla zimefunguliwa kila grini, zile nyasi fupi zenye shimo, ts-ts-ts-ts, maji mpaka yanavuka njia yanatulowesha viatu. Nimezoea, lakini leo na hizo soksi imeniuma kidogo.

Tunakaa benchini tukingoja kedi masta aite namba. Stori ni Augusta, ile klabu ya Marekani ya koti za kijani, ambayo hata uwe na pesa gani huombi uanachama, unaitwa, na wanawake waliitwa mara ya kwanza 2012. Mimi hukumbuka makedi. Mpaka 1982 mchezaji akienda Masters, shindano lao kubwa, alibebewa begi na kedi wa pale pale, karibu wote watu weusi. 1983 wachezaji wakaruhusiwa kuja na makedi wao wenyewe. Mzee mmoja wa benchi letu husema hiyo ndio siku mkate uliibiwa mchana.

Saa mbili na dakika ishirini, namba yangu. Begi la ngozi, fimbo 14 zote zinazoruhusiwa, miavuli miwili, mwenye begi handikapu 24, na huku namba ikiwa ndogo ndio mchezaji mzuri. Mashimo sita yamepita bila neno.

La saba ndio balaa. Amepiga, mpira umekata kulia, nimeuona kwa macho yangu ukiingia kwa mto.

"Mkubwa, umeingia majini."

"Haiwezekani. Kijana, kazi yako si kuangalia?"

Sasa sheria tangu 2019 ni dakika tatu za kutafuta, zamani zilikuwa tano. Sisi tumetafuta karibu ishirini! Nasema sisi lakini ni mimi, niko kwa matope mpaka magotini nachokora matete na fimbo, yeye yuko chini ya mwavuli na simu anagombana na fundi juu ya rangi ya marumaru ya swimingi puli, watu wa nyuma wameshaanza kupiga miluzi, anawapungia mkono wapite, anarudi kwa marumaru. Mpira wenyewe umechapwa herufi za jina lake kwa dhahabu. Bei yake ni mitungi kama thelathini ya maji kule kwetu.

Mwisho ameangusha mwingine. Nikamwambia achukue fimbo ya chuma namba saba, upepo uko nyuma yetu. Akachukua tano, ya kupiga mbali zaidi, mpira ukaruka grini ukalala kwa banka ya mchanga ya nyuma. Sikusema kitu. Mimi ni handikapu 9, na hiyo nimeipata Jumatatu peke yake, siku ya makedi, na fimbo za kuokota ambazo hazifanani hata mbili.

"Andika tano," akasema. Mapigo yalikuwa nane. Nimeandika tano.

Baada ya hapo saa sijui. Jua, begi, bega, lile shimo la kumi na mbili lenye mlima. Tumemaliza nikiwa sihisi vidole, yeye akaingia kula, sisi huko ndani haturuhusiwi, nikala chapo madondo nyuma ya ukuta halafu nikaitwa begi lingine, hilo hata sina la kusema, mama mmoja mpole, anapiga na kutembea.

Jioni ni kuosha fimbo. Ndoo ya maji moto, sabuni, mswaki, moja moja mpaka ing'ae. Nimemaliza ya mwisho, maji bado nusu ndoo. Nikaangalia huku, nikaangalia huku, nikavua soksi.

Matatu nimepanda nazo mbichi miguuni.