Kanzu Saba na Dakika Nane

Kwenye ukuta wa chumba cha giza cha ami yangu, juu kidogo ya beseni, paliandikwa namba moja kwa penseli: 8. Haikuhitaji maelezo. Filamu ya nyeusi na nyeupe ya Tri-X, dawa ya kusafishia filamu ya D-76 isiyozimuliwa, joto nyuzi 20, dakika nane. Ami aliiandika kabla sijazaliwa, na mimi niliikuta pale kama nilivyoikuta milango.

Studio ilikuwa Ngamiani, Tanga. Kufikia mwaka 2004 picha za rangi zilikuwa zimeshatumaliza. Nyeusi na nyeupe ilibaki ya pasipoti na ya wazee wenye msimamo. Mmoja wao alikuja Novemba ile, siku ya Idd el Fitri, akiwa na wanawe sita, wote kanzu nyeupe. Sebuleni kwake ilitundikwa picha ya marehemu baba yake, kazi ya ami huyuhuyu enzi za ujana wake, naye akataka ya pili ifanane nayo. Filamu alikuja nazo mwenyewe, tatu, kaletewa na mpwa wake kutoka London. Nikaona neno Tri-X, nikaridhika. Kwamba kisanduku kimeandikwa 400TX badala ya TX niliyoizoea, hilo niliona pia. Sikulijali.

Tukapiga mikanda miwili mbele ya ukuta wa chokaa, jua la saa tano. Kanzu nyeupe, ukuta mweupe, nyuso nyeusi: hapo hata filamu nzuri hutoka jasho.

Kazi ya joto ilikuwa yangu. Maji ya bomba yalikuwa karibu nyuzi 29, kwa hiyo nilinunua barafu za mifuko kwa jirani mwenye friji, nikazimwaga kwenye karai, nikasimamisha chupa za dawa humo na kukaa nazo mpaka kipimajoto kikashuka kwenye 20. Nikazima taa, nikauvisha mkanda wa kwanza kwenye rili kwa kupapasa, nikafunga tenki, nikamimina. Dakika nane, na nusu dakika ya juu ambayo ami aliita "ya baraka". Kila nusu dakika napindua tenki mara tano.

Ulipotoka kwenye haipo, dawa ya mwisho ya kuigandisha picha, niliuinua kwenye taa. Kwenye negativu kanzu huwa nyeusi, sawa, lakini zile zilikuwa masizi ya sufuria. Ami akachukua gazeti, akaulaza mkanda juu yake. Kipimo chake kilikuwa hicho: penye weusi kuliko pote, herufi za chini zisomeke, japo kwa taabu. Safari hii hazikusomeka kabisa. Darizi za shingoni, vifungo, mikunjo, vyote vimezama.

"Umeipasha dawa."

"La, ami. Ishirini kamili."

"Basi ulisinzia."

Nilikwenda kuchakura kikapu cha taka, nikakileta kisanduku na kukipasua. Kwa ndani kulikuwa na jedwali dogo: D-76, nyuzi 20, dakika 6¾. Ami akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena.

"Dakika na robo zaidi," akasema. "Na mimi nimeongeza nusu."

Miaka kadhaa baadaye ndipo nilisoma kwamba Kodak walikuwa wamehamishia filamu zao za nyeusi na nyeupe kwenye mtambo mwingine, na filamu ilipobadilika namna ya kupakwa, muda wa dawa nao ukabadilika. Jina jipya lilikuwa ndiyo taarifa yenyewe.

Ila ami hakuwa mtu wa kuamini jedwali. Kesho yake, saa ileile, alitundika kanzu yake kwenye kamba mbele ya ukuta, akaimaliza filamu ya tatu yote kwa kanzu hiyo moja. Nikaikata gizani vipande vitatu: dakika 6, 6¾ na 7½. Barafu tena, mpaka jirani akauliza kama tumeanza kuuza samaki. Gazeti likaamua. Chini ya kipande cha kati nilisoma habari za mpira. Kuhusu baraka ami hakusema neno, ila hakuiongeza tena.

Mkanda wa pili ulitoka safi, vifungo unavihesabu.

Mteja alipokuja tulimpangia za mkanda wa pili juu, za kwanza chini kabisa. Akazipitia polepole, akachomoa moja ya chini.

"Hii."

Ami akaanza kumweleza habari ya kanzu.

"Humo kwengine kote mdogo wao kafumba macho," mzee akasema. "Nifanyie kubwa."

Usiku ule tulikesha kuichapa. Nyuso sekunde 20. Kisha nikazikinga kwa kipande cha kadibodi, nikikitikisatikisa kisiache alama, huku taa ikizichoma kanzu na ami akihesabu kwa sauti mpaka 90. Karatasi tatu tulitupa. Ya nne ilipoanza kuiva kwenye trei, darizi ya mzee ikajitokeza, uzi mwembamba shingoni. Za wanawe hazikutokea.