Ganda la Mzinga Barazani kwa Mjomba

Alasiri ya Siku ya Mashujaa, tarehe 25 Julai 2009, nilimpeleka mwalimu mmoja mstaafu wa Lindi nyumbani kwa mjomba wangu Mikindani, kwa sababu nilijua kwamba siku hiyo wazee waliopata kuwa askari hukutana pale. Asubuhi walikuwa Naliendele, kwenye makaburi ya askari wetu waliokufa katika miaka ya 1980 wakiwasaidia ndugu zetu wa Msumbiji, wakasimama juani huku mkuki na ngao, upinde na mishale, sime na shada la maua vikiwekwa kimoja baada ya kingine. Shughuli ikiisha hawapendi kutawanyika. Wengi wao walikuwa wa vikosi vya nchi kavu, wakala wakaaga mapema. Waliobaki ni watatu waliotumikia Kamandi ya Wanamaji tangu miaka yake ya mwanzo: mjomba, aliyekuwa fundi wa injini, mwenzake wa mizinga, na mzee wa tatu ambaye kazi yake melini ilikuwa jikoni. Hao ndio niliotaka mwalimu akutane nao.

Mwalimu alikuwa mkusanyaji wa vitu vya kijeshi, na mkusanyiko wake aliuweka ndani ya sanduku la bati la aina ile wanayobeba wanafunzi wa bweni. Aliamkia wazee, akaitikiwa, akaomba ruhusa ya kutandika kanga juu ya mkeka, kisha akaanza kuvipanga vitu vyake kwa uangalifu wa mtu anayepanga vyombo vya kuazima. Kulikuwa na vifungo vya sare, bizimu la mkanda lililoliwa na kutu upande mmoja, nishani ya Vita vya Pili vya Dunia yenye utepe uliopauka, na sarafu mbili za heller 20 zilizofuliwa Tabora mwaka 1916, wakati Wajerumani walipofungiwa njia ya bahari na kulazimika kutengeneza fedha kwa shaba waliyoweza kuipata, yakiwemo maganda ya risasi za mizinga.

Kila kitu kilikuwa na hadithi yake, na hadithi nyingi ziliishia kwenye meli moja, Königsberg, manowari ya Wajerumani ya wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Alisimulia vizuri, sina budi kukiri, kwa sauti ya darasani isiyohitaji kupazwa. Tarehe 20 Septemba 1914 meli hiyo iliizamisha manowari ya Waingereza, Pegasus, pale Unguja, kisha ikajificha katika mikono ya mto Rufiji. Waingereza walihangaika kuitafuta, na waliopata fununu ya kwanza ya maana waliipata Lindi: mabaharia wa manowari Chatham walipanda mto Lukuledi tarehe 19 Oktoba, wakaikuta meli ya Kijerumani iitwayo Präsident ikijifanya hospitali, na ndani yake wakakuta karatasi zilizoonyesha kwamba makaa ya mawe yalikuwa yakipelekwa Rufiji. Kabla mwezi haujaisha Königsberg ilikuwa imeonekana. Hata hivyo haikumalizwa hadi tarehe 11 Julai 1915, na hata baada ya hapo mizinga yake kumi ya sentimita 10.5 ilitolewa majini na kukokotwa nchi nzima. Mwezi Machi 1916 meli nyingine, Marie, ikapenya mzingiro na kuingia ghuba ya Sudi, kati ya Lindi na hapa Mikindani, ikiwa imejaa silaha na risasi za kumfikishia Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani katika nchi hii.

Nimeisikia habari ya Königsberg mara nyingi, na kila ninapoisikia huwa nashangaa jinsi inavyosimuliwa kana kwamba Rufiji haikuwa na watu. Makaa yale yalibebwa na nani? Mizinga ile, ambayo mmoja peke yake ulihitaji mamia ya watu kuuvuta, ilivutwa na nani kama si wapagazi wa nchi hii? Mwalimu mwenyewe aliligusia hilo kwa sentensi moja tu, akarudi kwenye majina ya manahodha. Wazee walimsikiliza kwa adabu, wakimenya ming'oko, ile mizizi ya porini, ya kuchemsha iliyoletwa na shangazi kwenye ungo, na mzee wa jikoni alikuwa ameanza kusinzia.

Ndipo mwalimu akatoa kitu alichokuwa amekiweka chini kabisa ya sanduku. Lilikuwa ganda la risasi ya mzinga, la shaba iliyogeuka nyeusi, refu kiasi cha sentimita 25, lenye mabaki ya chaza wa baharini upande mmoja. Alilinunua kwa muuza chuma chakavu pale Lindi, ambaye naye aliuziwa na wavuvi waliolinasa kwenye wavu wao wa jarife. Shingoni lilifungwa uzi wenye kikaratasi kilichoandikwa kwa mwandiko mzuri: "Risasi ya Kijerumani. Sudi, 1916."

Mzee wa mizinga hakungoja kukaribishwa. Alilichukua, akaligeuza mdomo wake uelekee ukutani mbali na watu, akalitazama kitako. Katikati ya kitako kulikuwa na fataki, kile kifuniko kidogo kinachowasha baruti kikigongwa, na katikati ya fataki kulikuwa na kishimo kidogo cha mviringo, kilichoachwa na pini ya kugonga. Alikipapasa kwa kidole gumba. "Imeshapigwa," alisema, na ndipo akalipakata mapajani. Baadaye nilitambua kwamba sisi wengine wote, mwalimu akiwemo, tulikuwa tumekizunguka kitu kile bila yeyote kuwaza kukitazama hapo kwanza.

"Mwalimu," akasema, "kwa heshima yako, hili si la Mjerumani. Haya nimeyabeba mimi, matano matano."

Mwalimu hakukubali mara moja, na alikuwa na hoja: meli za Wajerumani za wakati ule zilikuwa na mizinga midogo ya sentimita 3.7, na mdomo wa ganda lile, alipoupima kwa rula kabla ya kulinunua, ulikuwa milimita 37 kamili. Hoja hiyo ni ya kweli. Ila nilikuja kusoma baadaye kwamba ganda la mzinga ule mdogo wa Kijerumani lilikuwa fupi, halifiki sentimita 10, na mzee wa mizinga, ambaye hakuwahi kusoma lolote kuhusu Wajerumani, hakuhitaji kulijua hilo. Aliinuka kwenye mkeka. Akatanua miguu, goti la kushoto likalegea kidogo kama mtu aliyesimama juu ya kitu kinachoyumba, mikono yote miwili ikapokea mzigo usioonekana kutoka kwa mtu asiyeonekana nyuma yake, ikauinua, ikaudidimiza kwa juu, na kabla ya kushusha mikono alikuwa ameshageuza kiuno kupokea mwingine. Alirudia hivyo bila kusema kitu. Mtu wa zaidi ya miaka 60, aliyeingia barazani akishika ukuta, hakuyumba hata kidogo.

Risasi hizo, alieleza alipoketi, zilikuja zimepangwa tano kwenye klipu moja, na mpakiaji hakutakiwa kuuacha mzinga ukae njaa. Mzinga wenyewe ulikuwa wa mitutu miwili, na boti zetu za kwanza za mizinga, zile za aina ya Shanghai zilizotoka China, zilikuwa na mizinga hiyo omo na tezi, yaani mbele na nyuma, pamoja na mingine midogo ya milimita 25. Wachina ndio waliosaidia kuijenga Kamandi ya Wanamaji, iliyoanzishwa rasmi mwaka 1971, na wakufunzi wao waliwafundisha vijana wetu kwa mkalimani, kwa michoro, na pale vyote viwili viliposhindikana, kwa kuwashika mikono. Boti haikufika mita 40 kwa urefu, ikabeba watu wasiozidi 40, na ilikwenda kasi ya karibu noti 28 bahari ikiwa shwari.

"Ikiwa shwari," mzee wa jikoni alidakia, akiwa macho kabisa sasa. "Sema na kusi."

Hapo ndipo mazungumzo yalipotoka mikononi mwa mwalimu. Mzee wa jikoni alieleza jinsi boti ile nyembamba ilivyolala upande huu na upande ule wakati wa kusi, ule upepo mkali wa kusini, walipokuwa wakija huku kusini, na jinsi alivyolifunga sufuria kwa waya kwenye jiko kwa masikio yake yote mawili, akausonga ugali akiwa ameegemeza mgongo ukutani na mguu mmoja mlangoni. Kuruti waliotoka bara, ambao baadhi yao hawakuwahi kuiona bahari kabla ya kuvaa sare, walikuwa wakiapa kwamba hawataki chakula tena maishani. Yeye alikuwa na dawa yake, ukoko mkavu na chumvi, na alidai kwamba yupo ofisa mmoja ambaye hakuweza kukaa zamu usiku bila kipande cha ukoko mfukoni.

Mwalimu alikuwa bado anataka kujua ganda lilifikaje baharini. Mzee wa mizinga alisema ni jambo rahisi: katika mazoezi ya kulenga shabaha maganda hutoka ya moto, huanguka sitahani na kuviringika, na mtu anayekanyaga ganda wakati boti imelala anaweza kuvunjika mguu au kutoka nje ya boti, kwa hiyo uliyapiga teke yaende majini ukaendelea na kazi. Mjomba akatikisa kichwa. Maganda, alisema, yalikusanywa na kuhesabiwa, na hesabu ilibidi ilingane na ya risasi zilizotolewa ghalani.

"Yalihesabiwa, ndiyo," mzee wa mizinga akajibu. "Yaliyobaki."

"Wewe ulipiga mateke mali ya serikali, afande."

"Nawe ulikuwa chini kwenye dizeli, uliona nini?"

Walibishana kwa muda, bila hasira lakini bila mzaha pia, na mimi niliyewazoea niliona kwamba ubishi huo haukuwa mpya kati yao. Mwalimu aliwauliza kama waliwahi kufanya doria karibu na mpaka kabla Msumbiji haijapata uhuru mwaka 1975. Wote watatu wakanyamaza. Mjomba alimenya mng'oko mmoja hadi mwisho, akasema, "Hiyo tuiache, mwalimu," na mwalimu akawa na busara ya kuiacha. Wapo watu wanaodhani kwamba mzee akinyamaza hivyo ana jambo kubwa analolificha. Mimi nadhani mara nyingi ni kiapo tu, ambacho kwa watu wa rika lao hakikuwa na tarehe ya kwisha.

Aliyenishangaza alikuwa mjomba. Kwetu mjomba ndiye mwenye usemi, na nimemsikiliza maisha yangu yote katika mambo ya posa, mashamba na misiba, lakini habari za chumba cha injini sikuwahi kuzisikia kinywani mwake. Alianza kwa malalamiko. Wakusanyaji, alisema, hupenda mizinga, vifungo na nishani. Hakuna hata mmoja aliyewahi kumuuliza kuhusu injini, ilhali mzinga usio na injini haufiki popote. Kisha akaeleza. Injini zilikuwa nne, za dizeli, kwenye chumba ambamo mtu mrefu hakuweza kusimama wima, na zilipowashwa zote hapakuwa na maneno yaliyosikika humo ndani. Walizungumza kwa mikono. Alituonyesha: kiganja kilichofunguka na kufunga kilikuwa mafuta, kidole kwenye kifundo cha mkono kilikuwa joto la maji limepanda, ngumi juu ya kichwa ilikuwa zima hiyo. Walivaa vitambaa shingoni ili jasho lisiingie machoni, na waliokuwa zamu walitoka humo wakiwa na uso wa rangi moja, hujui nani Mmakonde nani Msukuma.

Mwalimu akamuuliza kwa upole kama alibaki na kitu chochote cha enzi hizo, hata spana.

"Mali ya serikali nilirudisha yote, nikatiwa sahihi," mjomba alisema, kisha akagusa sikio lake la kushoto, lile ambalo sisi wapwa zake tumezoea kulizunguka tunapotaka kumwambia jambo. "Nilichoondoka nacho ni hiki."

Mwalimu hakucheka. Alikiangalia kile kikaratasi chake kwenye uzi, akakikata kwa wembe, akatoa daftari na kuchana karatasi nzima. Aliwaomba wazee wamwambie cha kuandika. Mzee wa mizinga akataka ianze na aina ya mzinga na klipu ya risasi tano, na ikaandikwa hivyo. Mwaka hawakuuafiki, kwa hiyo ikaandikwa "miaka ya 1970". Lilipofika suala la ganda kufika baharini, ubishi ulianza upya, na mwalimu, ambaye kwa hakika alikuwa mwalimu mzuri wa historia, akaandika kauli zote mbili, kila moja na mwenye nayo kwa cheo chake bila jina, akawasomea kwa sauti. Mjomba akadai injini nne zitajwe, na ishara za mikono, zote tatu. Karatasi ilikuwa imejaa hadi chini.

"Na ugali?" akauliza mzee wa jikoni.

Mwalimu akaigeuza karatasi, akaandika ugali upande wa pili, pamoja na waya na masikio mawili ya sufuria, na alipotaka kufunga kalamu mzee yule akamshika mkono na kumkumbusha habari ya ukoko.