Nanasi la Mama kwenye Udongo

Jumapili, 14 Desemba

Meza ya kulia imejaa vigae vya udongo vya kupambia Krismasi tangu jana jioni. Vipo 31, rangi ya maziwa, kila kimoja kikiwa na alama ya kitambaa cha Mama. Nimevihesabu mara tatu. Vilikuwa 38 nilipovipeleka tanurini, na habari ya vile saba nitaifikia.

Aliyekulia Nairobi anavijua vitambaa ninavyovisema. Vya sofa, vya stuli, vya juu ya redio na televisheni, vilivyofumwa kwa uzi mweupe, vinavyofuliwa Jumamosi na kurudishwa mahali pake kabla wageni wa Jumapili hawajabisha hodi. Mama alifuma vya nyumba yetu yote kule Dagoretti, na vya majirani, na vya mabibi harusi kadhaa. Nakshi aliyoipenda kuliko zote ni ya nanasi: matundu madogo yanayopanda yakipungua hadi kufika ncha. Kwa miaka minne sasa vidole vyake vimevimba kwenye viungo na sindano ya kroshia haishikiki tena. Hasemi sana. Ila Krismasi iliyopita tulipokuwa tunapamba, alikunja kimoja kilichoanza kuchanika, akasema, "Hiki kikiisha, basi." Maneno hayo sikuweza kuyaacha pale.

Mti wetu wa utotoni ulikuwa tawi la msaipresi lililosimikwa kwenye mkebe wa mchanga, maputo yamefungwa huku na huku, na pamba ya duka la dawa kuwa theluji ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuiona. Nayapenda mapambo hayo hadi leo. Lakini puto hulegea kabla ya tarehe 26, na pamba hutupwa. Mwaka huu nilitaka kitu ambacho watoto wa ndugu zangu watakifungua kwenye boksi mwaka baada ya mwaka, na ndani yake mkono wa shosho wao uwepo.

Nilianza Oktoba, na nilianza na udongo usiofaa. Naishi Donholm, upande wa jiji wenye ule udongo mweusi unaoganda kwenye viatu msimu wa mvua na kupasuka nyufa za kuingiza mkono msimu wa jua. Kwenye ploti ya jirani walikuwa wanauchimba na kuubeba kwa malori kabla ya kuweka msingi wa jengo, nikaomba ndoo moja. Unafinyangika vizuri sana, laini kama unga wa chapati. Siku ya pili kila nyota niliyoikata ilikuwa imejikunja na kukatika. Udongo huo hunywa maji na kufura, kisha ukikauka hunywea kupita kiasi. Ndiyo sababu wajenzi huuondoa, na ndiyo sababu mfinyanzi hauhitaji. Nikanunua mfuko wa kilo kumi wa udongo mweupe wa mfinyanzi.

Kazi yenyewe inafanyika kwenye meza ya jikoni. Unaukanda udongo hadi hewa itoke. Unausukuma kwa kifimbo cha chapati katikati ya vijiti viwili vyenye unene sawa (vyangu vina milimita sita), ili bamba lisiwe nene huku na jembamba kule. Unalaza kitambaa juu, unapitisha kifimbo mara moja tu, kwa nguvu, kisha unakibandua polepole kuanzia pembeni. Pale nilipokibandua mara ya kwanza nilikaa chini. Kila tundu lilikuwepo, kila fundo, hata ule unyoya mdogo wa uzi uliochoka. Nikakata miduara kwa glasi, na nyota chache, na korongo wanne kwa ajili ya mpwa wangu, anayewapenda wale makorongo wanaokaa juu ya miti kando ya uwanja wa Nyayo. Tundu la uzi nililitoboa kwa mrija wa soda, kubwa kuliko nilivyodhani linahitajika, kwa sababu udongo hupungua. Nilichora mstari wa sentimita 10 kwenye kipande cha majaribio. Kilipotoka motoni ulikuwa 9.2.

Baada ya hapo ni kungoja, na Novemba ya Nairobi haina haraka na mtu. Mvua za vuli zilinyesha karibu kila jioni. Nilivilaza vigae kati ya kurasa za Taifa Leo, nikaweka ubao juu visipinde, nikawa nabadilisha magazeti asubuhi na usiku. Kipande kinaonekana kikavu, ukikigusisha shavuni kinakuwa baridi. Ubaridi huo ni maji ambayo bado yamo ndani. Nilivigusisha shavuni kwa siku kumi na sita.

Nilikuwa nimetengeneza pia hori dogo la kulishia ng'ombe, liwe katikati ya mapambo yote. Lilikuwa na unene wa sentimita mbili chini. Nilipolipeleka pamoja na mengine, mwanamke mwenye tanuri aliligeuza mkononi, akaniuliza, "Lina muda gani hili?" Nikamwambia. Akasema angewasha moto mdogo usiku kucha, usizidi nyuzi 80. Nairobi iko takriban mita 1,795 juu ya usawa wa bahari, alinieleza, na huku juu maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, hayangoji 100. Yakigeuka mvuke yakiwa yamefungiwa katikati ya udongo mnene, hutafuta njia. Yalitafuta. Hori lilipasuka na vipande vyake vikavunja sita vilivyokuwa rafu moja nalo. Nililia kwenye matatu nikirudi nyumbani, boksi limelala mapajani, si kwa ajili ya hori bali kwa korongo wawili waliokuwa kando yake.

Glezi, ule mpako unaogeuka kama kioo motoni, sikutaka. Ingejaza matundu ya kitambaa na kuyafunika kama maji yanavyofunika mchanga. Nilimfikiria Magdalene Odundo, aliyezaliwa hapa Nairobi mwaka 1950, ambaye vyungu vyake vinavyosifiwa dunia nzima havina glezi kabisa; huvisugua vikang'aa, na vile vyeusi huvichoma tena kwenye moto ulionyimwa hewa. Mimi nilichukua udongo mwekundu wa uani kwa Mama, ule wa Dagoretti wenye chuma ndani yake, nikauchuja kwa soksi, nikaufanya uji mzito. Niliupaka juu ya alama kabla ya kuchoma, kisha nikafuta kwa sifongo ili ubaki kwenye mashimo tu. Motoni ukawa rangi ya matofali. Kwa hiyo nanasi limejichora kwa udongo wa uani ambako Mama alikaa akilifuma.

Leo baada ya kanisa Mama alikuja. Sikumwambia kitu, nilimletea chai nikamsogezea vigae vitatu. Hakuvaa miwani. Alikishika kimoja akapitisha kidole gumba taratibu, safu baada ya safu, midomo ikihesabu. Akasimama. Akarudi nyuma kidogo.

"Mama," alisema, kwani nimepewa jina la mama yake na ndivyo anavyoniita, "hapa niliruka tundu."

Nikaangalia. Kweli, upande wa kushoto wa nanasi palikuwa na pengo ambalo sikuwahi kuliona, si kwenye kitambaa wala kwenye udongo.

"Uliamka unalia. Niliweka sindano chini, niliporudi nikasahau nilikuwa wapi. Sikutaka kufumua."

Aliniuliza ni vingapi vyenye kosa hilo. Tukavipekua vyote, yeye kwa kidole, mimi kwa macho. Ni vitatu. Akaviweka kando na kuvifunika kwa leso yake: kimoja cha kaka yangu mkubwa, kimoja cha dada, kimoja cha kitinda mimba. Sisi watoto tuko wanne.

"Na mimi?"

"Mfinyanzi hulia gaeni," akacheka, akanishika mkono. "Wewe utajifanyia."

Changu hakitawahi Krismasi. Tanuri litawashwa tena Januari. Lakini udongo umebaki kama kilo mbili, na kabla hajaondoka Mama alinionyesha mahali hasa pa kukilaza kitambaa, akakishikilia pembeni kwa viganja huku mimi nikipitisha kifimbo. Sasa hivi bamba liko chini ya gazeti, karibu na dirisha. Mvua imeanza tena.