Feri ya Chaki: Kumbukumbu ya Kona ya Kuigiza katika Darasa Langu la PP1

Wiki ya kwanza

Nimeanza mradi huu kwa nia ya kuwapa watoto wangu 26 wa PP1 (mwaka wa kwanza wa elimu ya awali), ambao wana umri wa miaka minne na mitano, kona ya darasa wanayoweza kuigizia maisha wanayoyaona kila siku hapa Likoni, Mombasa. Nilipanga soko dogo mfano wa Marikiti, soko kubwa la kisiwa cha Mombasa: meza mbili, matunda ya plastiki, na bei nilizoziandika mwenyewe kwa wino mwekundu. Kipimo changu cha mchezo wa kuigiza nimekitoa kwa mtafiti Sara Smilansky, ambaye katika kazi yake ya mwaka 1968 alitaka kuona, miongoni mwa mambo mengine, watoto wakichukua nafasi za watu wengine, wakizungumza wao kwa wao, na wakiudumisha mchezo kwa angalau dakika 10. Wangu waliudumisha kwa dakika nne.

Wiki ya pili

Nimeyapitia maandishi yangu ya kila siku na kuona kwamba kosa lilikuwa langu. Kila mtoto alipoinua embe nilimwuliza rangi yake, na alipoliuza nilimwuliza amebakisha mangapi. Naye alinijibu vizuri, akaliweka chini, akaenda zake, kwa kuwa nilikwisha kuligeuza soko lake kuwa mtihani.

Matunda ya plastiki nimeyaondoa. Badala yake nimeleta vifuu, kokwa za maembe zilizokauka, leso tatu kuukuu, kikapu cha ukili, gunia la mchanga safi, na mkebe ambao bibi yangu alikuwa akiuita kibaba, kipimo cha zamani cha nafaka. Embe la plastiki haliwezi kuwa kitu kingine ila embe, lakini kifuu kimoja kimekuwa sahani, simu na kofia ya askari katika asubuhi moja.

Wiki ya tatu

Nilijifunga leso nikaingia sokoni kama mteja, nikaomba pishi ya mchele. Muuzaji alinimiminia vibaba viwili vya mchanga, akanyoosha mkono apokee pesa. Nikalalamika kwamba nyumbani kwangu pishi ni vibaba vinne, na kabla sijamaliza, msichana aliyekuwa akiuza kokwa aliruka: "Umempunja bibi! Muongeze!" Wakahesabu upya kwa sauti, mkebe kwa mkebe, huku wengine wakichungulia kuhakikisha kwamba kila mkebe umejaa hadi ukingoni. Katika muhula uliopita sikupata kamwe usikivu wa namna hiyo kwa kadi za tarakimu.

Mzazi mmoja alinisubiri mlangoni. "Mwalimu, huyu wangu kila nikimuuliza amesoma nini, ananambia ameuza mchele. Ataandika lini?" Swali lake ni la haki, na nimemkaribisha aje aketi nasi Ijumaa.

Wiki ya nne

Feri haikuwa katika mpango wangu. Mtoto mmoja alikataa kwenda sokoni moja kwa moja, akaeleza kwamba Marikiti iko ng'ambo, kisiwani, na kwamba mtu wa Likoni hafiki huko bila kuvuka. Tukachora feri kwa chaki sakafuni, tukaweka ubao mpana uwe mlango wa kuteremkia, na wao wakaiita Jambo kwa jina la mojawapo ya feri za kivukoni.

Aliyechaguliwa kulinda mlango ni mvulana ambaye wakati wa hadithi hawezi kutulia mkekani hata kidogo. Alisimama wima kando ya ubao, mkono umeinuliwa, mpaka abiria wa mwisho akateremka. Mwanasaikolojia Lev Vygotsky alieleza mwaka 1933 kwamba kila hali ya kubuni hubeba kanuni zake, na kwamba mtoto huzitii kwa hiari kwa sababu ndizo zinazoufanya mchezo uwe mchezo. Nimelisoma jambo hilo miaka mingi. Safari hii nililiona kwenye mkono ule ulioinuliwa.

Mchezo ulidumu dakika 17.

Wiki ya sita

Nilipojaribu kulipa nauli, nilirudishiwa kifuu changu: anayevuka kwa miguu halipi, wenye magari ndio hulipa. Kanuni hii ya kivukoni wanaijua wote, na ndiyo iliyowafanya waniombe karatasi, wapate kuonyesha kila gari linatozwa kiasi gani. Tuktuk wameiandika kwa miduara mitatu, matatu kwa minne, na lori kwa miduara mingi kadiri karatasi ilivyoruhusu. Yule mzazi wa Ijumaa aliitazama karatasi hiyo kwa muda mrefu, kisha akamwomba mwanawe amsomee.

Leo umefika mkokoteni uliopakiwa kokwa, nao haumo katika karatasi. Wamegawanyika: wengine wanasema una magurudumu, kwa hiyo ulipe, wengine wanasema anayeusukuma anatembea kwa miguu, kwa hiyo uvuke bure. Kengele ya kwenda nyumbani imelia kabla hawajapatana, nami nimeuacha mkokoteni palepale mlangoni mwa feri.