Kompyuta ya Daktari wa Milimani

Mwaka 2023, siku chache baada ya stima kupotea karibu nchi nzima usiku wa Ijumaa ile ya Agosti, daktari mmoja wa Milimani alikuja kibandani kwangu karibu na Barabara ya Oginga Odinga, Kisumu, akiwa na karatasi mkononi. Alitaka kompyuta ya gemu ya hali ya juu. Gemu lenyewe lilikuwa moja tu, Microsoft Flight Simulator. Tangu utotoni alitamani urubani, maisha yakampeleka kwenye udaktari, na sasa wanawe walikuwa chuoni.

Karatasi ilisema prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, iwe Core i9-13900K, na kadi ya grafiki, inayochora picha, iwe RTX 4090, iunganishwe Nairobi na iletwe ikiwa tayari.

"Hizo ndizo kubwa kuliko zote, fundi, sivyo?"

"Ni kubwa kweli, Daktari. Hicho chumba utakachoiweka kina ei-si?"

"Hakina. Kuna feni ya darini."

Nilimweleza bila haraka, maana pesa zilikuwa nyingi na zilikuwa zake. Prosesa ile ikikazana huweza kula hadi wati 253, na kadi ile wati 450. Karibu wati zote hizo hutoka zikiwa joto, na joto lile hubaki chumbani na mwenye nyumba. Mchana wa Kisumu wenyewe unafika nyuzi 30. Feni za kompyuta hupoza kwa hewa hiyohiyo iliyomo chumbani, hazina nyingine.

Nikampendekezea prosesa ya Ryzen 7 7800X3D, iliyotoka Aprili mwaka ule. Aliposikia ina viini 8, yaani sehemu zinazofanya kazi kwa pamoja, na ile yake ina 24, uso ulibadilika.

"Mbona unanipunguzia, kijana wangu?"

Hapo ndipo nilipokaa naye sana, kwa sababu watu wengi huhesabu viini na kuishia hapo. Gemu la ndege humsumbua prosesa kila sekunde: majengo, mawingu, miti, ndege nyingine zilizo angani. Data ikiwa ndani ya prosesa yenyewe, kwenye kashe, kazi inakwenda. Isipokuwamo, prosesa inangoja iletwe kutoka kwenye RAM, kumbukumbu ya muda iliyo nje yake, na wewe unaona picha ikikwamakwama ukikaribia kutua. Kashe ya L3 ya 7800X3D ni megabaiti 96. Ya i9 ni 36. Na Ryzen hiyo imepangiwa wati 120 tu.

Kadi tukashuka hadi RTX 4080, gigabaiti 16, wati 320, iliyomtosha kabisa kwa kioo chake chenye ukali wa picha wa 1440p. Zilipotoka, kadi hizo mbili zilipishana dola 400, na pesa ya tofauti hiyo nilitaka iende kwenye umeme: pawasaplai nzuri ya wati 850, inayogawa umeme ndani ya kompyuta, na UPS, betri ya akiba, inayotoa wimbi laini kama la stima yenyewe. UPS za bei rahisi hutoa wimbi la ngazi-ngazi, na baadhi ya pawasaplai za kisasa haziliwezi. Stima ikipotea, kompyuta huweza kuzima palepale na UPS ikiwa imewaka. Kwa usiku ule wa giza aliokuwa ametoka kuuona, hapa hakubisha.

Kuunganishiwa Nairobi nilikataa. Kadi nzito vile, inayoning'inia kwenye sloti moja ya madabodi, ile bodi kuu ya kompyuta, sikutaka ipite matuta ya njia ya Kericho. Vifaa vilikuja na basi la usiku, kila kimoja kwenye boksi lake, nami nikaviunganisha mezani kwake, mama watoto akituletea chai.

Waya wa umeme wa kadi niliusukuma hadi ukalia "ta!", nikamulika tochi kuhakikisha hakuna hata upenyo mwembamba, nikauacha unyooke kidogo kabla ya kuukunja. Mwaka uliotangulia kulikuwa na kadi za 4090 zilizoyeyuka hapohapo, nyingi kwa sababu plagi haikuingia yote.

Tukawasha. Feni zikazunguka, kioo kikabaki cheusi, na kwenye madabodi ikawaka taa ya RAM.

"Imekufa?" daktari akauliza, ameshasimama.

"Hapana, Daktari. Inajifunza RAM mpya. Tafadhali usiguse swichi."

Madabodi za AM5, aina inayobeba Ryzen hiyo, zinapowashwa mara ya kwanza na RAM ya DDR5 huchukua dakika kadhaa hivyo, na anayekosa subira akazima hulazimika kuanza upya. Chai ilipoa. Kisha nembo ikatokea kiooni, na yule mzee akapiga makofi.

Jioni aliruka kutoka uwanja wa Kisumu, akaelekea ziwani. Mimi macho yangu yalikuwa kwenye namba za joto: prosesa nyuzi sitini na kitu, kadi haijagusa sabini, dirisha wazi na feni ya darini pekee. Yeye alikuwa akikitafuta kisiwa cha Ndere upande wa kulia, na kabla hajakiona akaniuliza usukani wa ndege unauzwa wapi.