Sirapu ya rozela ya kupika nyumbani

Chagua rozela kavu yenye wekundu wa kukolea. Iliyogeuka kahawia imepigwa sana na jua. Gramu 100 zinatosha kwa lita moja na nusu ya maji. Isuuze haraka kuondoa mchanga. Usiiloweke kwenye maji utakayomwaga, rangi yote itaondoka nayo.

Tumia sufuria ya stili, maana ukali wa rozela hula alumini na sirapu hubaki na ladha ya chuma. Weka tangawizi iliyopondwa na karafuu 4 (zaidi ya hapo ni dawa ya meno). Ikitokota, punguza moto, dakika 10 tu, kisha epua na ufunike nusu saa. Ukichemsha zaidi inaleta ukakasi.

Chuja kwa kitambaa, upime: kila lita kwa kilo moja ya sukari. Rudisha jikoni, koroga mpaka sukari iyeyuke, ichemke dakika 5. Wanaopunja sukari ndio wanaokuta chupa inatoa povu. Imeshaanza kuchacha, mwaga. Mimina ikiwa ya moto kwenye chupa za kioo zilizochemshwa, ikipoa weka kwenye friji.

Anayetumia dawa za presha amuulize daktari kwanza, kwani rozela nayo huishusha.