Ukurasa huu ni wa nani?

Jumapili, saa tano usiku. Mvua inanyesha tangu magharibi, umeme umekatika mara mbili, na betri ya kompyuta imebaki nusu. Nataka niandike uamuzi nilioufikia wiki hii kabla sijasahau sababu zake, maana kusahau ndiko kulikonifikisha hapa. Naacha lugha ya programu ya C. Kerneli yangu ndogo, yaani moyo wa mfumo endeshi, niliyoianza mwaka jana naiandika upya kwa lugha ya Rust.

Haina jina bado, na haifanyi mengi. Inawaka ndani ya QEMU, programu inayoigiza kompyuta nzima, inaandika maneno kwenye kioo cha kompyuta, inasikia kibodi, inagawa zamu kati ya kazi mbili tatu. Ila mtu aliyezoea programu za kawaida hajui raha yake mpaka ajaribu: chini yako hakuna mfumo endeshi wa kukubeba. Ukitaka herufi ionekane, unaandika baiti mbili kuanzia anwani 0xB8000, yaani namba ya mahali kwenye kumbukumbu, moja ya herufi na moja ya rangi, na herufi inatokea kona ya juu kushoto. Kioo kizima, mistari 25 ya herufi 80, ni baiti 4,000 tu. Usiku ule K yangu ya kwanza ilipotokea, kijani juu ya weusi, nilimwamsha mke wangu aje aone. Akaiangalia vizuri, akauliza, "Sasa hiyo K inafanya nini?" Nikamwambia haifanyi kitu, ipo tu. Akakaa nami kidogo, tukaitazama.

Kilichonitoa kwenye C ni hitilafu moja iliyonila siku kumi na moja.

Kerneli yangu hugawa kumbukumbu kwa vipande vya baiti 4,096, na kila kipande huitwa ukurasa. Nilikuwa na jedwali la anwani za kurasa zilizo wazi. Kazi mpya ikihitaji ukurasa nachomoa anwani ya juu. Ikimaliza, nairudisha juu, kama sahani kwenye rundo. Siku moja nikataka nione kapu la kupokelea herufi za kibodi likijaa itakuwaje. Nikabonyeza herufi a, nikashikilia. Mstari wa kwanza ukajaa a, wa pili ukajaa, zikapita dakika mbili na ushee, halafu kioo kikafutika na mashine ya ndani ya QEMU ikaanza kuwaka upya. Nikarudia, ikawa vilevile. Nikiandika maneno mafupi, haina shida hata kidogo.

Nikaiambia QEMU iandike kwenye faili kila katizo, yaani kila mara prosesa inapokatishwa kazi yake. Mwishoni mwa faili, pale prosesa iliposhindwa, anwani ya agizo iliyokuwa ikitafutwa ilikuwa 61616161. Niliitazama muda mrefu. Katika hesabu ya msingi wa kumi na sita, inayotumika kuandikia baiti, 61 ndiyo namba ya herufi a. Prosesa ilikuwa imeelekezwa ikatafute agizo mahali pasipokuwapo, na mwenye kuielekeza ni a nne nilizoziandika kwa kidole changu.

Ukurasa mmoja ulikuwa umepewa wawili. Kapu la kibodi lilikaa humo, likijaa kutoka chini kwenda juu. Staki ya kazi ya pili, mahali inapoweka mambo yake ya muda, nayo ilikaa humohumo, ikishuka kutoka juu kwenda chini. Waliishi chumba kimoja bila kujuana, mpaka a zilipopanda zikafika pale staki ilipoweka anwani ya kurudia, yaani mahali prosesa inapopaswa kuendelea baadaye. Ndiyo maana maneno mafupi hayakudhuru: hayakufika huko juu.

Na chanzo kilikuwa hiki. Kuna funksheni, kipande cha programu chenye kazi yake, inayopewa ukurasa ili ianzishe kazi mpya. Nafasi za kazi zikiwa zimejaa, inashindwa, na kwa uungwana inaurudisha ukurasa iliopewa. Lakini aliyeiita naye, akiona imeshindwa, anaurudisha ukurasa uleule. Anwani moja ikaingia kwenye jedwali mara mbili, na waombaji wawili waliofuata wakapewa kila mmoja ya kwake. C haikusema neno. Kwake anwani ni kama namba, na namba unaweza kuirudisha mara mia.

Ningeweza kujilaumu kwa uzembe na kuendelea. Lakini nilipoangalia tarehe za faili niliona kwamba kati ya funksheni ya kwanza na ya pili ulipita karibu mwezi. Kazini palikuwa na shughuli nzito, nikarudi nyumbani kila siku nimechoka, kerneli ikalala. Nilipoandika ya kwanza nilikuwa na jibu kichwani la swali "nani atarudisha ukurasa huu?" Nilipoandika ya pili nilikuwa na jibu jingine, na nilikuwa na uhakika nalo vilevile. Hakuna mahali popote kwenye msimbo palipoandikwa lipi ni sahihi.

Nikamkumbuka mjomba wangu. Alinunua kiwanja Chanika, akalipa, wakaandikishiana karatasi kwa mkono mbele ya mashahidi. Mwaka uliofuata alikwenda akakuta mtu mwingine ameshusha mchanga na matofali, naye ana karatasi yake. Wote wawili walikuwa wakweli. Muuzaji hapatikani. Ukipita mitaa ya Dar es Salaam utasoma ukutani kwa rangi nyekundu, "Nyumba hii haiuzwi". Mwenye mali anaandika ukutani kwa sababu haamini kwamba karatasi ya kabatini itamlinda siku asipokuwepo. Kwenye C mimi ndiye muuzaji, ndiye shahidi, ndiye daftari, na kuna miezi sipo.

Wiki hii nimesoma tena habari za Unix, mfumo endeshi wa zamani, na safari hii nimezisoma kwa jicho jingine. Ken Thompson na Dennis Ritchie waliianza Bell Labs mwaka 1969 kwa asembli, lugha ya maagizo ya prosesa yenyewe, kwenye mashine ya PDP-7. Mwaka 1972 Thompson akajaribu kuiandika kerneli kwa C, akashindwa, akaacha. C ya wakati huo haikuwa na strakti. Hukuweza kusema kwamba vitu hivi vitano, hali ya kazi, staki yake, faili zake na vinginevyo, ni kitu kimoja chenye umbo na jina. Kerneli kwa sehemu kubwa ni madaftari ya namna hiyo. Ritchie akaongeza strakti kwenye lugha, na kufika kiangazi cha 1973 kerneli ya mashine ya PDP-11 ilikuwa imeandikwa upya kwa C. Hapo ndipo nilipotua kitabu. Nilikuwa nikiamini kwamba C iliumbwa ikafaa, kumbe ilikataliwa kwanza na kazi yenyewe, ikaenda kurekebishwa, ndipo ikarudi. Sasa ninapoona kuna jambo ambalo C hainiruhusu kulisema, yaani ukurasa huu ni wa nani, sioni kama namkosea heshima mtu yeyote nikitafuta lugha inayolisema.

Go niliifikiria, maana ndiyo lugha ninayoandika kazini kutwa. Shida ni mkusanya takataka wake, sehemu inayorudisha yenyewe kumbukumbu isiyotumika tena. Yeye anahitaji kumbukumbu ipangwe na zamu zigawiwe, na hayo ndiyo mambo ambayo kerneli bado haijayafanya inapoamka. Si kwamba haiwezekani. Watafiti wa MIT walitengeneza kerneli ya Biscuit kwa Go, wakatoa matokeo mwaka 2018, na walipolinganisha na C waliona Go iko nyuma kwa kati ya asilimia 5 na 15. Kwangu mimi hiyo si hasara ya kutisha. Ila walilazimika kuichokonoa Go yenyewe ili ikae juu ya mashine tupu, na mimi sina miaka hiyo. Tena mkusanya takataka anajibu swali tofauti na langu. Anasema usijali ni ya nani, nitafagia mwenyewe. Ndani ya kerneli mimi nataka kujali.

Rust nilikuwa nimeikwepa kwa sababu ya uzito wake. Kuipakua tu kulinimalizia bando, na kompyuta yangu yenye GB 4 za kumbukumbu inahema kila ninapojenga mradi kuanzia mwanzo. Graydon Hoare aliianza mwaka 2006, na zamani nayo ilikuwa na vitu vya kuitegemeza, nyuzi zake na kumbukumbu inayojisimamia. Vikaondolewa kabla ya toleo la 1.0 la mwaka 2015. Uondoaji huo ndio uliofungua mlango, kwa kuwa lugha isiyohitaji kitu chini yake inaweza kukaa chini kabisa. Desemba 2022 kerneli ya Linux, toleo la 6.1, ikatoka ikiwa na msingi wa kuandikia sehemu zake kwa Rust, baada ya miaka zaidi ya thelathini ya C. Na mwaka 2019 Microsoft ilisema kwamba karibu asilimia 70 ya mianya ya usalama inayopewa namba kila mwaka kwenye bidhaa zake inatokana na makosa ya kumbukumbu. Niliposoma takwimu hiyo mara ya kwanza niliona ni mambo ya makampuni makubwa. Baada ya 61616161 nikaelewa kwamba ni ukurasa wangu uleule, umezidishwa mara nyingi.

Alhamisi nikakaa nikaanza. Ukurasa kwenye toleo jipya hauko tena kama namba. Ni kitu chenye aina yake, nimekiita Ukurasa, na sikuruhusu kinakiliwe. Ukimpa mtu, umempa. Mkononi mwako hakipo. Kwa makusudi nikaandika mantiki ileile ya zamani, mstari kwa mstari: mwitaji anatoa ukurasa, funksheni inashindwa, mwitaji anaurudisha. Kompaila, programu inayogeuza msimbo kuwa maagizo ya mashine, ikakataa. Kosa E0382. Ikanionyesha kwa mshale mstari ambapo ukurasa ulitoka mikononi mwangu, na chini yake mstari ambapo najaribu kuutumia tena. Siku kumi na moja, na jibu limekuja kabla chai haijapoa. Ikabidi niamue pale pale: sasa funksheni ikishindwa inamrudishia mwitaji ukurasa wake ndani ya jibu la kushindwa, na ni yeye peke yake anayeweza kuurudisha kwenye jedwali. Uamuzi huo umeandikwa kwenye sahihi ya funksheni, mstari unaotaja inapokea nini na inarudisha nini. Nikiondoka mwezi mzima nitaukuta.

Ijumaa nilimsimulia kaka mmoja wa kazini, mtu mzima kwangu, ameandika C tangu sijaanza sekondari. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Mdogo wangu," akasema, "C ukiisoma unaona mashine inafanya nini. Hiyo nyingine unaona mkaguzi anataka nini."

"Kaka, na pale unaposhika anwani ya kioo au ya diski, unamkagua nani?"

"Najikagua mwenyewe."

Namheshimu, na ana sehemu yake ya haki. Kwenye Rust nako kuna mahali ambapo mkaguzi anafumba macho. Kuandika kwenye 0xB8000 lazima nifungue kizuizi cha "unsafe", niseme hapa nawajibika mimi. Jedwali la kurasa lenyewe linazaliwa ndani ya kizuizi kama hicho, kwa sababu hakuna kompaila inayojua mashine hii ina kumbukumbu kiasi gani. Na asembli ya kuwashia, mistari kama arobaini, imebaki vilevile katika matoleo yote mawili. Tofauti ninayoiona ni kwamba sehemu za hatari sasa ninaweza kuzihesabu. Usiku huu nimezihesabu: ziko tisa. Kwenye C nilipaswa kushuku faili zote.

Tena kuna jambo ambalo Rust haikunisaidia kabisa, na limenishika tangu jana. Kioo nimekiwekea kufuli, ili kazi mbili zisiandike kwa pamoja. Jana kazi ya kwanza ilikuwa imeshika kufuli, iko katikati ya sentensi, likaja katizo la saa. Kishughulikia katizo nacho kilitaka kuandika nukta kwenye kioo, kikaanza kusubiri kufuli. Mwenye kufuli hawezi kuendelea mpaka katizo liishe, na katizo haliishi mpaka lipate kufuli. Kioo kikaganda kwenye "Karibu, kumbukumbu il". Kompaila ilikuwa imeupitisha msimbo wote bila onyo, na kwa sheria zake haukuwa na kosa.

Umeme haujarudi, betri imebaki asilimia 19. Nadhani dawa ni kuzima makatizo kabla ya kushika kufuli na kuyawasha baada ya kuliachia. Ngoja nijaribu mara moja kabla sijalala.